Mahali Pamoja: Nafasi ya Isotopu katika Jedwali la Elementi na Suala la Kigezo cha Uainishaji

1.0 Utangulizi

Jedwali la elementi, ambalo baadhi ya waandishi wa Kiswahili huliita mfumo radidia kutokana na kitenzi radidi, yaani kurudiarudia, ni miongoni mwa kazi za uainishaji zinazofahamika zaidi duniani. Jedwali hilo lina vyumba 118, na kila chumba kimepewa elementi moja tu. Hata hivyo, aina za atomi ambazo wanasayansi wamekwisha kuzitambua, za asili na za kutengenezwa maabara, zinazidi 3,000. Swali linalozuka ni hili: aina hizo zote zimewekwa wapi, ikiwa vyumba ni 118 tu?

Jibu ni kwamba zimewekwa katika vyumba hivyohivyo, nyingi katika chumba kimoja, na jibu hilo limo ndani ya istilahi yenyewe. Neno isotopu limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: isos, lenye maana ya sawa, na topos, lenye maana ya mahali. Isotopu, kwa maana yake ya asili, ni vitu vilivyo mahali pamoja. Mahali panapokusudiwa ni chumba cha jedwali.

Mada hii inawahusu wataalamu wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, ni kisa cha namna istilahi moja ilivyouokoa mfumo mzima wa uainishaji uliokuwa ukielekea kuelemewa. Pili, ni kisa cha namna istilahi hiyohiyo inavyopoteza maana yake inapohamia katika lugha nyingine bila ya kufafanuliwa. Katika shule za serikali za Tanzania, mwanafunzi husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na isotopu katika shule ya sekondari kwa lugha nyingine, akiwa na fasili ya kukariri inayotaja neutroni pasipo kutaja mahali. Matokeo yake ni kwamba anaweza kuipatia fasili katika mtihani na bado akadhani kuwa kaboni-14 ni elementi tofauti na kaboni.

2.0 Jedwali la kwanza na kigezo cha uzito

Mwaka 1869 mwanakemia wa Kirusi, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi 63 zilizojulikana wakati huo kwa kufuata uzito wa atomi zake, kuanzia nyepesi hadi nzito. Alipozipanga hivyo aligundua kuwa tabia za kikemia hujirudia baada ya kila hatua kadhaa, na elementi zenye tabia zinazofanana akaziweka katika kundi moja. Palipokosekana elementi ya kufaa aliacha nafasi wazi na kutabiri kuwa ingepatikana. Utabiri huo ulithibitishwa kwa kupatikana kwa gali mwaka 1875, skandi mwaka 1879 na gerimani mwaka 1886.

Hata hivyo, tangu mwanzo palikuwa na mahali ambapo uzito na tabia havikupatana. Teluriamu ina uzito wa 127.6 na iodini ina uzito wa 126.9. Kwa kigezo cha uzito, iodini ilipaswa kutangulia. Lakini iodini ina tabia za klorini na bromini, na teluriamu ina tabia za salfa na seleni. Mendeleev alifuata tabia, akaitanguliza teluriamu, na kudai kuwa uzito wake ulikuwa umepimwa vibaya. Vipimo viliporudiwa, uzito ulibaki uleule. Baadaye ilionekana kuwa hata agoni (39.95) na potasiamu (39.10), na vilevile kobalti (58.93) na nikeli (58.69), zina kasoro ya namna hiyo.

Kwa hiyo jedwali lilikuwa likidai kufuata kigezo kimoja huku likitii kingine kimyakimya. Hali hiyo si ngeni kwa wanaisimu, kama itakavyoonekana katika sehemu ya nane.

3.0 Majina mengi kuliko nafasi

Mgogoro wenyewe ulijitokeza baada ya kugunduliwa kwa unururifu, yaani hali ya baadhi ya atomi kujibadilisha zenyewe na kutoa mionzi. Kila mtafiti alipokuta kitu chenye mionzi ya namna yake, au kinachofifia kwa kasi yake, alikipa jina: ioniamu, mesothoriamu, radiothoriamu, radiamu A, radiamu B, radiamu C, radiamu D na mengineyo. Kufikia mwaka 1912 majina hayo yalikuwa yamezidi 30, ilhali kati ya risasi na uraniamu jedwali lilikuwa na nafasi chache tu.

Jambo la kushangaza zaidi lilitokea watafiti walipojaribu kuvitenganisha vitu hivyo kwa njia za kikemia. Ioniamu, ambayo Bertram Boltwood aliitambua mwaka 1907, ilipochanganyika na thoriamu haikuwezekana kutolewa tena. George de Hevesy alipewa na Ernest Rutherford kazi ya kuitenga radiamu D kutoka katika risasi. Alijaribu kila njia aliyoijua bila ya mafanikio. Kushindwa huko hakukuwa kwa bure: mwaka 1913 yeye na Friedrich Paneth waligeuza tatizo kuwa nyenzo. Kwa kuwa radiamu D haiachani na risasi, inaweza kutumiwa kuonyesha risasi ilikokwenda, kwa kuifuata mionzi yake. Njia hiyo ya kufuatilia kwa mionzi hutumika hospitalini mpaka leo.

Palikuwa na njia mbili za kutoka katika mgogoro huo. Njia ya kwanza ilikuwa kulipanua jedwali ili kila jina lipate chumba chake. Njia hiyo ingeharibu mpangilio, kwa sababu makundi yote yangesogezwa na kule kujirudia kwa tabia kungetoweka. Njia ya pili ilikuwa kukubali kuwa vitu vyenye uzito tofauti na mionzi tofauti vinaweza kuwa elementi moja. Frederick Soddy, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Glasgow, alichagua njia ya pili.

Hoja yake iliimarishwa na kanuni ambayo yeye na Kasimir Fajans, kila mmoja kwa wakati wake, waliikamilisha mwaka 1913. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, atomi inapotoa chembe ya alfa husogea nafasi mbili kushoto katika jedwali, na inapotoa chembe ya beta husogea nafasi moja kulia. Atomi inayotoa alfa moja na beta mbili, kwa mpangilio wowote, hurudi pale ilipoanzia, lakini ikiwa nyepesi kwa vizio vinne. Inarudi mahali palepale ikiwa imebadilika uzito.

4.0 Neno na mahali pake

Dhana ilikuwapo, ila haikuwa na jina la kufaa. Iliendelea kuelezwa kwa virai virefu kama vile elementi zisizotengana kikemia. Jina lilitolewa na Margaret Todd, daktari na mwandishi wa riwaya, katika mazungumzo na Soddy huko Glasgow. Soddy alilitumia kwa mara ya kwanza katika chapisho tarehe 4 Desemba 1913. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1921.

Tarehe hiyo ina uzito wake katika fasili. Neutroni ziligunduliwa na James Chadwick mwaka 1932. Kwa muda wa miaka 19 istilahi ilitumika barabara, ikaongoza utafiti na kuleta tuzo, kabla ya mtu yeyote kujua neutroni ni nini. Fasili ya kawaida ya vitabu vya shule, kwamba isotopu ni atomi za elementi moja zenye idadi tofauti ya neutroni, ni sahihi, lakini inaeleza sababu. Inachotaja istilahi yenyewe ni nafasi. Mwanafunzi akipewa sababu pekee hukosa kujua ni swali gani lililokuwa likijibiwa.

Hapa Kiswahili kina utajiri unaostahili kutazamwa. Nomino mahali, ingawa asili yake ni Kiarabu, imeingia katika ngeli ya mahali na kuchukua upatanisho wa PA-, KU- na MU-. Kivumishi -moja kikipatanishwa na PA- huzaa pamoja. Kwa hiyo kirai mahali pamoja hubeba maana mbili kwa wakati mmoja: mahali ambapo idadi yake ni moja, na mahali ambapo wengi wamekutana. Kiyunani cha Todd kilitaja usawa wa mahali tu. Kiswahili kinataja umoja wa mahali na wingi wa wakaaji wake kwa neno moja.

Aidha, mgawanyo wa mahali katika Kiswahili unalingana na hali ya atomi kwa namna inayofaa kufundishia. PA- huonyesha mahali dhahiri, KU- huonyesha mahali pa jumla au pa mbali, na MU- huonyesha ndani. Isotopu mbili za elementi moja ziko pamoja pale katika chumba cha jedwali, lakini mle ndani ya kiini hazilingani. Umbo la nje la atomi, yaani elektroni zinazokizunguka kiini, ndilo linaloamua tabia ya kikemia. Na kwa kuwa elektroni hizo hulingana kwa idadi na protoni za kiini, isotopu zote za elementi moja hufanana kwa nje. Tofauti ya neutroni imo ndani, nayo hugusa uzito na uthabiti wa kiini.

5.0 Risasi ya Morogoro

Dai la Soddy lilikuwa na matokeo yanayoweza kupimwa. Uraniamu-238, kwa kutoa chembe nane za alfa na sita za beta, huishia katika risasi. Hesabu yake ni nyepesi: nane mara nne ni 32, na 238 ukitoa 32 ni 206, nafasi 92 ukitoa 16 na kuongeza sita ni 82, ambayo ni nafasi ya risasi. Thoriamu-232, kwa alfa sita na beta nne, nayo huishia nafasi ya 82, lakini ikiwa na 208. Kama hoja ilikuwa kweli, risasi iliyozaliwa na uraniamu ingekuwa nyepesi kuliko risasi ya kawaida, yenye uzito wa 207.2, na risasi iliyozaliwa na thoriamu ingekuwa nzito zaidi, ingawa zote ni risasi moja kwa kila kipimo cha kemia.

Mwaka 1914 maabara kadhaa zililipima jambo hilo. Theodore Richards alilipima huko Marekani, na Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walilipima katika milki ya Austria-Hungaria. Ugumu ulikuwa kupata madini ya uraniamu yasiyochanganyika na risasi ya kawaida. Miongoni mwa sampuli safi kabisa zilizowafikia Hönigschmid na Horovitz yalikuwa madini ya fuwele yaliyochimbwa Morogoro, katika koloni lililoitwa wakati huo Afrika Mashariki ya Kijerumani. Risasi waliyoitoa katika madini hayo ilikuwa na uzito wa takriban 206.05. Kwa upande wa pili, risasi iliyotoka katika madini ya thoriamu ilipimwa na kuonekana kukaribia 208.

Matokeo hayo yalikuwa na uzito mkubwa kwa kemia. Kwa karne nzima uzito wa atomi ulichukuliwa kuwa kitambulisho cha elementi, usiobadilika popote duniani. Jiwe la Morogoro lilionyesha kuwa uzito wa risasi hutegemea risasi hiyo imetoka wapi. Kitambulisho kilichotegemewa hakikuwa kitambulisho tena, na jedwali lilihitaji kigezo kingine.

6.0 Kigezo kipya: namba ya atomi

Kigezo hicho kilikuwa kikipatikana wakati uleule. Mwaka 1913 na 1914 Henry Moseley, kijana wa Kiingereza, alipima mionzi ya eksi inayotolewa na elementi mbalimbali akaona kuwa inapanda kwa hatua zinazolingana kutoka elementi moja hadi nyingine. Hatua hizo zilihesabu kitu kilichomo katika kiini, yaani idadi ya chaji chanya, ambayo leo huitwa namba ya atomi na ni sawa na idadi ya protoni. Moseley aliuawa vitani huko Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Kwa kigezo cha namba ya atomi, kasoro za zamani zilitoweka. Teluriamu ni ya 52 na iodini ni ya 53; agoni ni ya 18 na potasiamu ni ya 19; kobalti ni ya 27 na nikeli ni ya 28. Mendeleev alikuwa amezipanga vyema kwa sababu asiyoijua. Isotopu nazo zilieleza kwa nini uzito ulipotosha. Takriban theluthi mbili za atomi za teluriamu ni za isotopu mbili nzito, 128 na 130, ambapo iodini ya asili ina isotopu moja tu, 127.

Mfano wa agoni na potasiamu una mafunzo zaidi. Zaidi ya asilimia 99 ya agoni iliyomo hewani ni agoni-40, na sehemu kubwa ya potasiamu, takriban asilimia 93, ni potasiamu-39. Agoni-40 hiyo imetokana na potasiamu-40, isotopu adimu inayobadilika polepole sana, kiasi kwamba nusu yake hupungua kwa miaka bilioni 1.25. Takriban sehemu moja kati ya tisa ya atomi zinazobadilika huwa agoni, na zilizobaki huwa kalsi. Kwa maneno mengine, kasoro iliyowasumbua wapangaji wa jedwali ni alama ya umri wa dunia.

Alama hiyo inasomeka katika Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Majivu ya volkano yanapolipuka yakiwa na moto mkali, agoni huponyoka. Yanapopoa, agoni mpya huanza kujikusanya ndani ya fuwele zenye potasiamu. Baada ya Mary Leakey kulipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, vipimo vya potasiamu na agoni vilivyotangazwa mwaka 1961 vilionyesha kuwa tabaka lake lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi, umri mkubwa kuliko ulivyokuwa ukikisiwa.

Mwaka 1923 kamati ya kimataifa ya elementi za kikemia ilikubali kuwa elementi itambuliwe kwa namba yake ya atomi. Tangu hapo suala la nafasi ya isotopu lilihitimishwa: namba moja, elementi moja, chumba kimoja, hata wakaaji wawe wangapi.

7.0 Isotopu katika jedwali la leo

Anayelitazama jedwali la leo haoni isotopu moja moja, lakini athari zake zimo katika kila chumba. Namba nzima inayoandikwa chumbani ni namba ya atomi. Namba yenye desimali ni uzito wa wastani wa isotopu zilizomo katika elementi ya asili. Klorini, kwa mfano, ina isotopu mbili thabiti: klorini-35, ambayo ni takriban asilimia 76, na klorini-37, ambayo ni takriban asilimia 24. Kwa kuwa tungamo halisi za isotopu hizo ni pungufu kidogo ya 35 na 37, wastani wake huangukia 35.45. Hakuna atomi hata moja ya klorini yenye uzito huo.

Elementi hutofautiana sana kwa idadi ya wakaaji wa chumba. Bati lina isotopu thabiti kumi, idadi inayozidi ya elementi nyingine zote. Dhahabu, sodiamu na alumini zina isotopu thabiti moja moja. Uraniamu haina hata moja. Chumba cha elementi ya asili kama hiyo huandikwa uzito kwa sababu isotopu zake hudumu kwa muda mrefu, na chumba cha elementi isiyodumu, kama radiamu, mara nyingi huandikwa katika mabano namba ya isotopu yake inayodumu zaidi, 226.

Funzo la risasi ya Morogoro nalo limeingia katika jedwali. Mwaka 2009 chombo cha kimataifa kinachosimamia majina na vipimo vya kemia kiliamua kuwa uzito wa elementi kumi, zikiwamo haidrojeni, kaboni, oksijeni na klorini, usitajwe tena kwa namba moja pekee, bali kwa masafa, kwa sababu hubadilika kulingana na asili ya sampuli. Baadaye elementi nyingine ziliongezwa, risasi ikiwamo.

Palikuwa na jaribio moja gumu. Mwaka 1931 Harold Urey na wenzake walitambua deuteri, haidrojeni yenye uzito karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kugusa tabia: maji mazito huganda kwa nyuzijoto takriban 3.8 za Selsiasi badala ya sifuri. Soddy mwenyewe alisita kuiita deuteri isotopu, kwa kuwa kwake isotopu zilikuwa vitu visivyotengana kikemia. Jamii ya wanasayansi iliamua vingine. Deuteri na triti zimeruhusiwa kuwa na alama zao, D na T, lakini hazikupewa vyumba. Kigezo kilikwisha kuchaguliwa, na muasisi wa istilahi hakuwa na mamlaka ya kukipinda.

Kutokuwa na chumba hakumaanishi kutokuwa na umuhimu. Uraniamu-235 ni asilimia 0.7 tu ya uraniamu ya asili, nayo iko pamoja na uraniamu-238 katika chumba cha 92. Isotopu hiyo ndiyo iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945, na sehemu kubwa ya madini ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Kuitenga kulihitaji viwanda vikubwa vya kutumia tofauti ndogo ya uzito, kwa sababu kemia haikuweza kuzibagua. Wanaohitaji kuzitazama isotopu moja moja hutumia ramani nyingine, yenye protoni katika mhimili mmoja na neutroni katika mhimili mwingine. Ramani hiyo ni ya viini. Jedwali ni la elementi.

8.0 Funzo kwa uainishaji na istilahi

Mwaka huohuo wa 1869, Jedwali la Mendeleev lilipotolewa, ilichapishwa sehemu ya pili ya sarufi linganishi ya Wilhelm Bleek, iliyozigawa nomino za lugha za Kibantu katika ngeli zenye namba. Sadfa hiyo haina uhusiano wa sababu, lakini matatizo yaliyofuata yanafanana. Uainishaji wa kimofolojia hutazama kiambishi cha nomino. Uainishaji wa kisintaksia hutazama upatanisho. Kwa kigezo cha kwanza, kiboko na kiti ni wa chumba kimoja. Kwa kigezo cha pili, kiboko amelala na kiti kimevunjika vinatenganishwa, na kiboko anakwenda kukaa na mtu, pamoja na waziri na rafiki. Kiambishi ni kama uzito wa atomi: huonekana haraka na husaidia mara nyingi, lakini upatanisho ndio unaoonyesha jinsi neno linavyohusiana na mengine.

Vilevile, m- ya mtu, mw- ya mwalimu na mu- ya muumba hazipewi ngeli tatu. Ni alomofu za mofimu moja, nazo huwekwa mahali pamoja ingawa maumbo yake hayalingani. Ulinganisho huu una mpaka wake, kwa sababu alomofu huamuliwa na mazingira ya sauti, na isotopu haziamuliwi na atomi jirani. Kinachofanana ni kanuni: mfumo ukishachagua kigezo, tofauti zilizo nje ya kigezo hicho huwekwa ndani ya chumba, wala hazikifuti chumba.

Kuhusu istilahi, Kiswahili kimetohoa isotopu, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni ushahidi kuwa lugha hii ilikwisha kujitayarisha kubeba sayansi hizo. Utohozi una faida ya kuwaunganisha wasomaji na maandishi ya mataifa mengine. Hasara yake ni kwamba Kiyunani hakisikiki katika sikio la Mswahili, na mahali pakatoweka. Dawa yake si lazima iwe kulibadili neno. Inatosha fasili irudishe kile ambacho utohozi umekificha. Fasili ifaayo ingeweza kusema: isotopu ni atomi zilizo mahali pamoja katika jedwali la elementi kwa kuwa idadi ya protoni zake ni moja, na zinazotofautiana uzito kwa kuwa idadi ya neutroni zake si moja.

Fasili hiyo ina faida nyingine. Inaonyesha kuwa isotopu ni neno la uhusiano, kama jirani, pacha au mkemwenza. Mtu hawi jirani peke yake. Kaboni-14 ni isotopu kwa kuwa iko pamoja na kaboni-12 na kaboni-13. Aina moja ya kiini inapotajwa kwa upekee wake, istilahi sahihi ni nuklidi, iliyopendekezwa na Truman Kohman mwaka 1947. Waandishi wa Kiswahili wakizitofautisha istilahi hizi mbili tangu sasa, watakuwa wamewaepusha wanafunzi wao na mkanganyiko ulioenea hata katika lugha zilizozianzisha.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa isotopu hazina vyumba vyake katika jedwali la elementi, na kwamba kukosa vyumba huko ndiko kunakozifanya ziwe isotopu. Jedwali lilisalimika pale lilipoacha kuuliza atomi ina uzito gani na kuanza kuuliza ina protoni ngapi. Majina zaidi ya 30 yaliyokuwa yakigombea nafasi chache yalipata makao, na ioniamu, radiamu D na mesothoriamu zikarudi kwa ndugu zake: thoriamu, risasi na radiamu.

Kwa mwalimu wa sayansi na kwa mwanaleksikografia, kazi iliyobaki ni ya lugha. Istilahi iliyobuniwa Glasgow na kuthibitishwa kwa jiwe la Morogoro ilihusu mahali, na Kiswahili ni lugha yenye ngeli nzima ya mahali. Mwanafunzi anayejua tofauti ya pale na mle anayo tayari nyenzo ya kuielewa. Linalotakiwa ni kumfundisha kwa nyenzo hiyo.